Umeona au Umesikia?

Garissa,
Jumamosi, 11 Januari 2025

Abaayo Faiza,

Assalamu alaykum, dada. Metroni alitupokea langoni mwa shule na sanduku la bati, simu zetu zote zikaingia humo, na kufuli likafuata. Kwa hiyo hadi Aprili mimi ni mtu wa kalamu. Usicheke. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua humlazimisha mtu kumaliza sentensi aliyoianza, jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulifanya kwenye simu. Barua nitampa karani wa basi la Dadaab siku ya Jumatatu. Ukinijibu kwa mkono wake huyo huyo, itanifika.

Nina swali. Hooyo aliniambia likizoni kwamba wewe, binti yake mkubwa, umegombana na wakubwa wa kampuni yenu Nairobi. Nikamuuliza, "Juu ya nini?" Akasema, "Juu ya kisanduku cha kutuma meseji." Nikauliza, "Kisanduku gani?" Akasema nimalize kwanza kukamua, maswali baadaye. Baadaye haikufika.

Nilipomsimulia Lul, tunayekaa naye dawati moja, alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada yako injinia mzima anagombea meseji? Kaaha, hata ayeeyo, bibi yangu mzee, siku hizi anatuma picha za mbuzi!" Na wewe unajua ninavyochukia kushindwa na Lul.

Basi nieleze kama unavyomweleza mtu wa kidato cha tatu. Kampuni yenye watu elfu tatu inawazuia kwa nini watu wanne wa Dadaab wasichague chombo chao wenyewe? Na ninyi mnakataa kwa nini kutumia chao?

Mdogo wako,
Kaaha Warsame


Nairobi,
14 Januari 2025

Kwa Mhandisi Faiza Warsame,
Kiongozi wa Timu, Ofisi ya Dadaab

Nimesoma ombi lako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimetulia.

Kampuni ya Mkondo ina timu arobaini na moja zinazochunga pampu za visima. Zamani kila timu ilikuwa na programu yake, na kila programu ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeielewa. Mmoja wao alipopata kazi kwingine, pampu kumi na mbili zilisimama wiki tatu kwa sababu hakuna aliyejua kurekebisha alichokiacha. Mimi ndiye niliyetumwa kuwaomba radhi wanakijiji. Sijasahau nyuso zao. Ndipo tukaandika Mfumo Mmoja na kuagiza kila timu iutumie. Haikuwa jeuri ya makao makuu, ingawa najua mnavyotuita huko.

Lakini unasema mfumo wetu unategemea intaneti, na huko intaneti ni ya kubahatisha. Sawa, tupime. Kuanzia tarehe 20 mwezi huu hadi tarehe 20 Machi, visima vitatu vitatumia Mfumo Mmoja na visima vitatu, kile cha kijijini kwenu Hadado kikiwemo, vitatumia kisanduku chenu. Tutahesabu ripoti zilizofika kwa wakati na zilizokuwa za kweli. Mkishinda, nitapeleka kwa bodi pendekezo kwamba timu ziwe na haki ya kuchagua teknolojia yao. Mkishindwa, ofisi ya Dadaab itafungwa, wenzako watatu watagawanywa kwenye timu nyingine, na wewe utahamia hapa. Ni wewe uliyesema mkutanoni kwamba uko tayari kuweka kazi yako juu ya meza. Nililiandika neno hilo siku ile ile.

Mohamedamin Hared
Mkuu wa Teknolojia


Dadaab,
19 Januari 2025

Kaaha wangu,

Wa alaykum salaam. Mwambie Lul kwamba picha ya mbuzi wa ayeeyo wake hupita kwa sababu yuko mjini. Amchukue mbuzi huyo mpaka Hadado, kisha ajaribu.

Mfumo Mmoja si kitu kibaya. Uliandikwa na watu hodari, ndani ya jengo ambalo intaneti haikatiki na umeme haukatiki. Hitilafu ya watu hao ni kudhani kwamba kila mahali ni jengo lile. Huko nyumbani simu inapiga na meseji inapita, lakini intaneti inakuja kama mgeni wa harusi: inakula, inaaga. Skrini ya Nairobi ikikosa habari mpya huendelea kuonyesha ya zamani. Taa ikiwa ya kijani inabaki kijani, hata pampu ikiwa imekauka.

Kisanduku chetu kina ukubwa wa kitabu cha hesabu. Kinapima maji yanayopita kwenye bomba, na kila asubuhi na jioni kinatuma meseji yenye tarakimu moja. Moja, maji yanatoka. Sifuri, pampu imesimama. Meseji hiyo inatufikia sisi na wafugaji wote waliojiandikisha, ili mtu asiwaswage ngamia siku mbili kwenda kwenye kisima kisicho na maji. Kisanduku kikinyamaza, mwangalizi wa pampu anatuma tarakimu kwa simu yake mwenyewe. Hayo tu. Sisi tuliyachagua kwa sababu sisi ndio tunaolala hapa.

Nairobi wametupa siku sitini tuyathibitishe. Na tukishindwa? Basi, tutatumia mfumo wao na maisha yataendelea. Usijitie wasiwasi, soma fizikia yako.

Dada yako,
Faiza


Garissa,
2 Februari 2025

Abaayo Faiza,

Nimekutumia kwenye mdahalo! Hoja ilikuwa: "Afanyaye kazi ndiye achague chombo cha kazi." Mimi nilikuwa upande wa kuunga, Lul upande wa kupinga. Nikaeleza Mfumo Mmoja, taa ya kijani, mgeni wa harusi, yote. Wasichana wakapiga meza. Nilidhani nimeshinda.

Akasimama Lul, akatengeneza mtandio wake taratibu kama hakimu. "Ndugu mwenyekiti, tumkubalie Kaaha. Mpishi wetu afanya kazi jikoni, basi achague. Je, mnajua atachagua nini? Githeri! Jumatatu githeri, Jumanne githeri, Ijumaa githeri yenye chumvi!" Ukumbi mzima ukaanguka. Hata mwalimu alificha uso kwa daftari.

Lakini baada ya kicheko mwalimu aliniuliza swali lililonikwamisha: "Kaaha, mwenye kuchagua chombo akikosea, nani atabeba?" Nikajibu, "Yeye mwenyewe." Akasema, "Na waliokuwa wakikitegemea?" Kengele ikalia. Niliikimbilia kwa shukrani.

Tulipata alama sawa na upande wa Lul. Nyumbani nitakwenda mapumziko ya katikati ya muhula, tarehe 26. Una ujumbe wowote kwa Eeddo Abshiro, mwangalizi wa pampu ya Hadado?

Wako,
Kaaha


Dadaab,
22 Februari 2025

Kaaha,

Kwa haraka, basi linaondoka. Siku thelathini na tatu zimepita. Ripoti zetu ni mia moja na tisini na nane, na hakuna hata moja iliyokosea! Najib, mwenzangu wa ofisini, ameichora namba hiyo kwa makaa kwenye ukuta wa ofisi, na mwenye nyumba amekasirika. Visima vya Mfumo Mmoja vimekosa ripoti kila wiki.

Betri ya kisanduku cha Hadado imechoka na nyingine haijafika, kwa hiyo kwa sasa Abshiro anatuma tarakimu kwa simu yake. Hajakosa hata mara moja, mama yule. Msalimie. Mwambie asinikosee sasa, maana tuko karibu mno. Kosa moja tu na watu wa Nairobi watalishika kwa mikono miwili.

Faiza


Dadaab,
5 Machi 2025

Kaaha,

Ramadan karim. Natumaini mfungo haujakulemea darasani. Mimi sina raha, na kwa kuwa ulikuwa nyumbani wiki ile labda uliona jambo.

Ijumaa tarehe 28 jioni, Hadado walituma "moja". Maji yanatoka. Mzee wetu Adeer Guled, aliyekuwa na ngamia arobaini upande wa Griftu, alipata meseji hiyo, akageuza, akatembea usiku kucha. Alipofika asubuhi alikuta pampu imesimama tangu jana yake. Kulikuwa na ndama walioshindwa kuinuka mpaka gari la maji lilipofika mchana. Alhamdulillahi hawakufa. Alinipigia simu na sikupata nafasi ya kusema hata neno.

Kisanduku hakina lawama, kilikuwa kimezimwa. Meseji ilitoka kwenye simu ya Abshiro. Nimempigia mara tatu. Kila mara ananijibu yale yale: "Simu ni yangu, lawama ni yangu." Haelezi zaidi ya hapo. Mwanamke niliyemwamini kuliko wote! Sitaki kufanya hivi, lakini kanuni ya kampuni ni moja: mwangalizi anayetuma habari za uongo huondolewa. Barua ya kumwondoa nimeiandika, na Jumatano ijayo nitaitia sahihi.

Uliona nini?

Faiza


Garissa,
8 Machi 2025

Abaayo Faiza,

Usitie sahihi barua hiyo. Nakuomba kwa Mola aliyetuumba, usitie sahihi.

Ni mimi.

Abshiro alikwenda Wajir kwenye maziko ya mjomba wake, Alhamisi mpaka Jumamosi. Aliniachia simu yake. Alisema, "Wewe ni mdogo wake Faiza, unajua kusoma kuliko mimi. Utazame bomba, kisha utume." Alhamisi niliangalia, nikatuma moja, ikawa kweli. Ijumaa asubuhi vilevile. Saa tatu mkanda wa jenereta ukakatika na pampu ikasimama. Fundi akasema kufikia adhuhuri itakuwa tayari. Adhuhuri akasema alasiri. Saa kumi na moja jioni nilisimama na simu mkononi, bomba kavu mbele yangu, na barua yako mfukoni. "Kosa moja tu." Nilifikiri sifuri ndiyo itakuwa kosa lako. Nilifikiri usiku fundi atamaliza, asubuhi maji yatatoka, na hakuna atakayejua. Nikabonyeza moja.

Asubuhi saa mbili niliwaona ngamia wa Adeer Guled wakija. Ngamia waliosikia harufu ya kisima wakakosa sauti ya maji, abaayo, wana mlio wao. Sitausahau.

Aligonga kwenye uzio wetu kwa fimbo. Aabo akatoka. Guled hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema, "Warsame, nimekuja kuuliza jambo moja. Meseji hii, nani aliiona?" Aabo akasema, "Ni ya kampuni." Guled akasema, "Kampuni ina macho? Mimi tangu utoto nikipokea habari za maji humuuliza aliyezileta: umeona au umesikia? Akisema nimeona, najua jina lake na jina la baba yake, nahamisha mji mzima, watu na mifugo, kwa neno lake. Leo nimehamisha mji kwa neno la tarakimu. Tarakimu haina baba!"

Nilikuwa nyuma ya pazia. Sikutoka. Sikusema. Na Abshiro aliporudi nilimwambia nikilia, akanifuta uso, akasema, "Nenda shule. Mimi nitasema simu ni yangu." Nikaenda. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiona haya zaidi.

Baada ya Guled kuondoka, Aabo alitusimulia juu ya sahan. Unajua kwamba kabla ya mji kuhama hutumwa mtu mmoja mbele, akatazame majani na maji. Huyo ndiye sahan. Aabo alisema mzee wa mji hata awe na ndevu mpaka kifuani hachagui mahali akiwa amekaa. Anachagua aliyekwenda. Lakini sahan ana masharti yake. Habari mbaya anaitanguliza, nzuri ifuate. Na akishasema "hamieni pale", ngamia wake mwenyewe ndio wanaotangulia. Aliyerudi na uongo hatumwi tena maishani mwake, wala mwanawe.

Ninaogopa kwamba mimi nimekuwa sahan wa uongo. Lakini nilipokuwa kwenye basi nilifikiri jambo: Guled hakulalamika kwamba meseji ilikosea. Pampu hukosea, mvua hukosea. Alilalamika kwamba hakuna mtu ndani yake. Je, kama meseji ingesema ni nani aliyeona? Nisingethubutu kuandika "Kaaha binti Warsame ameona maji", hali bomba ni kavu. Mkono ungekataa.

Niruhusu nimwandikie mkuu wenu Nairobi, nimwambie ni mimi, ili asikulaumu wewe wala Abshiro. Niadhibu utakavyo.

Kaaha


Dadaab,
11 Machi 2025

Kaaha,

Barua ya kumwondoa Abshiro nimeichana kabla sijamaliza ukurasa wako wa kwanza. Nimempigia simu na kumwomba radhi. Alisema, "Mtoto amesema mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi amekua," akakata simu kwenda kufungulia maji.

Nimekasirika, sitaficha. Ndama wale wangekufa. Likizo ijayo utakwenda kwa Adeer Guled kwa miguu yako na kumwambia kwa mdomo wako. Hiyo ndiyo adhabu. Wala hutamwandikia mkuu. Nitamwandikia mimi, kwa sababu kosa la kwanza si lako.

Nilikudanganya, Kaaha. Nilikuambia tukishindwa maisha yataendelea. Tukishindwa ofisi hii inafungwa, Najib na wenzake wanatawanywa, na mimi nahamishwa Nairobi. Nilikuficha hilo ili usiwe na wasiwasi, halafu nikakuandikia "kosa moja tu" na kukutwisha wasiwasi wenyewe bila kukuambia unatoka wapi. Kutaka namba safi kuliko maji, ulijifunza kwangu.

Na kuna jingine. Miezi minane iliyopita Najib aliniambia, "Faiza, wafugaji wengi hawasomi meseji. Wanampigia Abshiro simu kuuliza kama ni kweli. Tuweke namba ya kupiga, mtu asikie sauti yake." Unajua nilimjibu nini? Kwamba sauti haihesabiki kwenye ripoti, meseji inahesabika. Kwamba nimeshaamua. Yaani nilisimama mbele ya wakubwa wa Nairobi nikipigania haki ya watu wa mbali kuchagua, kisha nikarudi Dadaab nikawa Nairobi ya Najib. Na Abshiro sikuwahi kumuuliza kabisa.

Leo nimemuuliza Abshiro kwa simu, naye akakubali; kisha nikamwendea Najib. Najib hakusema "nilikuambia", alivuta tu kiti na kufungua kompyuta. Zimebaki siku tisa. Mfugaji atapiga namba moja, bila intaneti, na atamsikia mwangalizi wa kisima, aliyekwisha kurekodi sauti yake kwenye namba hiyo, akisema jina lake, jina la baba yake, na alichokiona. Kisanduku kitabaki kikipima, kama shahidi wa pili.

Ripoti ya Nairobi nitaianza na tarehe 28 Februari. Habari mbaya kwanza. Huenda tukashindwa kwa sababu hiyo. Lakini nitalala.

Dada yako,
Faiza


Nairobi,
27 Machi 2025

Kwa Mhandisi Faiza Warsame,
Ofisi ya Dadaab

Nimepokea ripoti yako. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi hii sijawahi kupokea ripoti inayoanza na kosa la mwandishi wake. Nilidhani kurasa zimepangwa vibaya.

Hesabu ni hii. Katika ripoti mia tatu na sitini za visima vyenu, moja ilikuwa ya uongo. Katika visima vya Mfumo Mmoja, mia moja na nne hazikufika kabisa. Lakini si hesabu iliyoniamulia.

Niliposoma kuhusu tarehe 28, niliwaagiza vijana wangu wachunguze visima vyetu vitatu kwa njia ile ile, kwa kwenda na kutazama. Kimojawapo kilikuwa na taa ya kijani kwenye skrini yangu kwa siku tisa mfululizo, na pampu ilikuwa imesimama siku zote tisa. Nilikuwa nikiipita skrini hiyo kila asubuhi na chai yangu mkononi. Kwenu uongo uliishi saa kumi na tano, na mliuandika ukurasa wa kwanza. Kwetu uliishi siku tisa, na hakuna aliyekuwa akiujua, mimi nikiwa wa kwanza.

Jumatatu tarehe 17 nilipiga ile namba yenu mpya. Mwanamke akasema kwa Kisomali: "Mimi Abshiro binti Rage. Niko Hadado kisimani. Jenereta imezima saa nne asubuhi, nimeona kwa macho yangu. Mwenye ngamia asije leo, aende Griftu." Mnaniambia makundi manne yaligeuka kwa sauti hiyo, la Guled likiwa la kwanza. Mimi nimezaliwa Eastleigh na sijawahi kumfunga ngamia kamba, lakini marehemu baba yangu alikuwa sahan kabla hajafungua duka. Niliirudia namba hiyo mara tatu. Katibu wangu alidhani nimepokea habari za msiba.

Bodi ilikutana Jumanne. Imekubali. Kuanzia tarehe 1 Mei, kila timu ya Mkondo itachagua teknolojia yake. Masharti nimeyachukua kwenye ripoti yako, ambako unasema umeyapata kwenye barua ya mwanafunzi mmoja. Atakayechagua awe amekwenda mahali penyewe na kuwasikiliza watakaoitumia. Akae na chombo chake kikiharibika, wala asiondoke kabla ya kumfundisha mwingine, maana zile pampu kumi na mbili bado ninaziota. Na ripoti zote za kampuni, zangu pia, zianze na habari mbaya.

Ofisi ya Dadaab haifungwi. Timu nne zimeomba Najib awafundishe ile namba ya sauti. Mwulize yeye kwanza kama anataka.

Mwambie mwanafunzi huyo kwamba amelipokea neno la baba yake vizuri.

Mohamedamin Hared
Mkuu wa Teknolojia


Hadado,
Jumapili, 13 Aprili 2025

Abaayo Faiza,

Simu yangu imetoka kwenye sanduku la metroni, lakini hili nimetaka kulimaliza sentensi kwa sentensi.

Nakala ya barua ya mkuu wenu uliyonitumia niliisoma bwenini nimesimama juu ya kitanda. Lul alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, mpishi achague. Lakini kwanza aje ale nasi." Huko ndiko kukubali kwake, usitegemee zaidi.

Siku ya pili ya likizo nilikwenda kwa Adeer Guled. Aabo aliniuliza kama nataka anisindikize, nikasema hapana. Nilimkuta akitengeneza kamba. Nilimwambia yote, la pazia pia. Alisuka mpaka mwisho wa uzi kabla ya kuinua kichwa.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na saba, adeer."

"Mimi nilikuwa na kumi na tano. Nilitumwa sahan, nikaogopa simba njiani, nikarudi nikasema pale hakuna majani. Yalikuwepo. Mji ukahamia kwingine tukapoteza mbuzi. Sikumwambia mtu mpaka leo." Akanitazama kwa jicho kali. "Na wewe usimwambie!"

Ameniruhusu nikuambie wewe peke yako, kwa sababu nilimwambia kwamba sifichi tena kitu kwako. Alinung'unika, kisha akanipa maziwa.

Sasa sikiliza hili. Juzi Eeddo Abshiro alikwenda Wajir kwa ajili ya mtoto wa dada yake aliyejifungua. Alikuja kwetu na ile simu. Nikarudi nyuma. Nikasema, "Eeddo, mpe mtu mwingine." Akaniwekea mkononi na kukunja vidole vyangu juu yake. "Mtu mwingine hajui uzito wake," akasema, akapanda gari.

Jana asubuhi nilikwenda kisimani mapema. Mbawa za feni ya jenereta zilikuwa zimevunjika na fundi alikuwa ameshika kichwa. "Kufikia adhuhuri," akaniambia. Wallahi, maneno yale yale! Nilitazama bomba. Kavu. Nilitazama mabirika ya kunyweshea. Nyuki tu. Moyo ulinipiga, abaayo, lakini haukuwa ule mpigo wa Februari.

Nikapiga namba, nikangoja mlio, nikasema: "Mimi Kaaha binti Warsame. Niko Hadado kisimani. Pampu imesimama. Fundi anasema adhuhuri, lakini hayo nimeyasikia tu. Nilichokiona ni bomba kavu. Mwenye ngamia asije leo."

Nilikaa pale mchana kutwa. Hakuna hata ngamia mmoja aliyekuja. Uwanja ulikuwa mtupu, vumbi limetulia, na sijawahi kuona kitu kizuri kama utupu ule. Watu mia mbili walinisikia wakaamini, wakaenda kwenye maji.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Adeer Guled, yuko Griftu, nikasikia nyuma yake ngamia wakinywa. Hakunisalimu. Aliuliza, "Wewe msichana. Umeona au umesikia?"

"Nimeona, adeer."

"Vizuri," akasema. "Kesho pia utazame, utuambie."

Leo alfajiri pampu imewaka. Nimeweka mkono kwenye maji kwanza, kisha ndipo nikapiga namba.

Mdogo wako,
Kaaha binti Warsame